Jibu la Nambari Katika Majaribio ya Mtandaoni

Walimu wa Makongeni, Thika, wanaotunga majaribio ya hisabati mtandaoni wakumbuke kwamba kompyuta haifuati hesabu ya mwanafunzi. Hulinganisha tu jibu lake na lile lililowekwa.

Tuseme swali linataka eneo la duara lenye nusukipenyo cha mita 7. Anayetumia 22/7 atapata 154. Wa 3.142 atapata 153.958, na wa kikokotoo 153.94. Wote wamefanya hesabu sawasawa, lakini mwalimu akiweka 154 pekee, wawili watapewa sifuri.

Katika Moodle, swali la nambari lina nafasi ya kuweka kosa linalokubalika. Mwalimu akiweka 0.1, majibu kuanzia 153.9 hadi 154.1 yatapata alama. Asizidishe: akiweka 5, hata aliyebahatisha 150 atapita.

Google Forms haina nafasi hiyo. Mwalimu huorodhesha kila jibu linalofaa au, afadhali zaidi, swali lenyewe liseme: tumia 22/7, andika nambari pekee. Bila maagizo hayo, mwanafunzi akiongeza "m²" mbele ya 154 atakosa alama. Kabla ya kutuma kiungo, mwalimu alijibu jaribio mwenyewe kwa njia zote tatu.