Bei nafuu si kodi nafuu

Tangu serikali ilipotangaza mnamo Desemba 2017 kwamba makazi yatakuwa miongoni mwa Ajenda Nne Kuu, kirai "nyumba za bei nafuu" kimezoeleka mno masikioni mwetu hata hakuna anayekihoji tena. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, naomba wasomaji waniruhusu nikihoji. Bei ni thamani ya kitu kinachouzwa. Penye bei pana muuzaji na mnunuzi. Mpangaji hanunui, hulipa kodi. Basi aliyesema "bei nafuu" alikwisha kuamua, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, kwamba nyumba hizo ni za wanunuzi.

Je, Eastlands ni mahali pa wanunuzi? Historia yasema sivyo. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, Maringo, Jericho: yote ni mitaa iliyojengwa ili kupangishwa. Wakoloni walimhesabu Mwafrika kuwa mgeni mjini, mwanamume aliyekuja kibarua peke yake, apewe nafasi ya kitanda kisha arejee kwao. Hakurejea. Jamaa zikajaa katika vyumba hivyo, na watoto waliokosa nafasi ndani wakashinda nje na wenzao wa lugha nyingine. Wanaisimu wengi hukiona kisa hicho kuwa mojawapo ya chemchemi za Sheng, ambayo nyumba huiita "keja", neno linalosemekana kutoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kizimba. Wazungumzaji hawakukosea sana.

Tuangalie Pangani, jirani yao. Kijiji cha kale cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wakazi wake wakaelekezwa Pumwani na Shauri Moyo. Baadaye mtaa wa baraza la jiji ukasimama huko, nao ukabomolewa mwaka 2020. Nyumba za zamani zilikuwa 48. Mahali pake pameinuliwa ghorofa za makao zaidi ya 1,500, mengine ya bei nafuu na mengine ya bei ya soko. Sina ugomvi na hesabu hiyo. Ardhi ya umma iliyo karibu na katikati ya jiji haiwezi kuwatosheleza jamaa 48 tu milele, na ni haki wenye uwezo wawasaidie wasio nao kubeba gharama. Ninachouliza ni hiki: katika makao hayo yote, anayetaka kupanga tu ametengewa mangapi?

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inawagawa walengwa kwa mapato, na wapatao chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi wametajwa humo. Mnamo Mei 2025 funguo za nyumba 1,080 zilikabidhiwa Mukuru, na chumba kimoja kikatangazwa kwa malipo ya shilingi 3,900 kwa mwezi. Kwa aliyezoea kodi za Nairobi, kiasi hicho hakitishi. Lakini hayo ni malipo ya ununuzi, ya mwezi baada ya mwezi kwa miaka mingi. Mchukuzi wa Gikomba hulipwa kwa siku, na kuna siku halipwi. Akiwa mpangaji na mambo yakaharibika, huhamia chumba cha chini zaidi. Akiwa mnunuzi, ana deni.

Hapa Kenya neno kodi hubeba mizigo miwili: ushuru wa serikali na malipo ya mpangaji. Mwalimu anayepanga Umoja au Kayole hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizi, na mwajiri wake hutoa kiasi kama hicho. Kisha jioni humlipa mwenye ploti kodi ile ya pili. Amelipa kodi ya nyumba mara mbili, na hana nyumba.

Nitaambiwa kuwa nyumba za kupangisha za baraza la jiji zilioza. Naam, zilioza: mabomba yalipasuka, wapangaji wakapangisha wengine kwa faida, na kodi haikurudi kuwa rangi wala paa. Hiyo ni aibu ya usimamizi. Jiji la Vienna nchini Austria linamiliki makao yapatayo 220,000 na bado linayapangisha, karne moja baada ya kuanza. Huko hawakuona kwamba ukarabati ni miujiza.

Ninapendekeza, basi, kila mtaa unaojengwa juu ya ardhi ya umma Eastlands ubakishe sehemu ya kupangishwa daima chini ya kaunti, kodi ipimwe kwa mapato ya mpangaji, nayo iwekwe katika akaunti ya ukarabati isiyoguswa kwa jambo jingine. Jericho, Bahati na Maringo zimo katika mipango ya kujengwa upya. Kabla ya tingatinga la kwanza kuwashwa huko, neno "kupangisha" liandikwe ndani ya mkataba, pamoja na idadi ya nyumba, kwa tarakimu na kwa maneno.