Mfamasia Naye Ni Mwalimu

Juma hili nazungumzia kisukari, na hasa mtu tuliyezoea kumwona kama muuza dawa tu: mfamasia.

Mgonjwa wa kisukari humwona daktari pengine mara moja kwa miezi mitatu. Duka la dawa hulifikia kila mwezi. Hata hivyo tunatoa fedha, tunapewa pakiti, tunaagana.

Katika duka moja hapa Dar es Salaam nilimsikia mzee aliyenunua vidonge vya glibenklamaidi akiuliza: "Mwanangu, nikifunga Ramadhani hivi nimeze vipi?" Kijana aliyekuwa akiuza akajibu, "Kama kawaida, mzee," kisha akamwita mteja mwingine.

Ndugu msomaji, jibu hilo ni la hatari. Dawa hiyo huusukuma mwili utoe insulini zaidi. Mtu akiimeza alfajiri kama kawaida, kisha asile kutwa, sukari yaweza kushuka mno. Atatetemeka, atatokwa na jasho, atachanganyikiwa, hata kuzimia. Mfamasia aliyesomea kazi yake angemshauri aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, ili kiasi na saa za dawa vipangwe upya. Angemwambia pia kwamba sukari ikishuka chini ya 4, afungue hapo hapo kwa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari.

Je, maelezo ya namna hii yanaleta faida? Mwaka 1996 mji wa Asheville, North Carolina, huko Marekani, ambao ulilipa wenyewe matibabu ya wafanyakazi wake, ulianza kuwatumia wafamasia. Walipewa mafunzo ya kisukari, wakawa wanakutana na wagonjwa mara kwa mara na kuwafundisha kupima sukari, kutunza miguu na kumeza dawa ipasavyo. Mfamasia alilipwa kwa muda wake. Mgonjwa aliyehudhuria alisamehewa mchango wake katika bei ya dawa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba sukari ya wagonjwa wengi ilishuka. Gharama za dawa zilipanda, maana sasa watu walizitumia, lakini za hospitali na madaktari zilishuka zaidi. Kwa jumla mwajiri alitumia fedha kidogo kuliko zamani.

Kwetu, mwenye duka hupata faida kwa pakiti anayouza, si kwa dakika anazotumia kueleza. Wenye kuendesha bima za afya wangelitafakari jambo hilo. Lakini mgonjwa hana haja ya kuwangoja. Ukifika dukani uliza kama mfamasia mwenyewe yupo. Kisha muulize: Dawa hii naimeza kabla au baada ya kula? Nikisahau nifanyeje? Dalili zipi zikitokea nikimbilie hospitali?

Watu wa nyuma kwenye foleni wakinung'unika, waache wanung'unike. Kuuliza si ujinga.