Simu ya Zamani Yaipatia Kompyuta Intaneti

Katika kijiji cha Shumba, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, mwalimu anayehitaji mitihani iliyopita au michoro ya somo la biolojia aweza kujikuta na vitu vitatu tu: kompyuta isiyo na intaneti, simu ya zamani na waya wa kuchajia. Vitu hivyo, vikiunganishwa kwa maarifa, vyatosha.

Yafaa kwanza kuutazama waya wenyewe. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake: mbili hupitisha umeme wa volti 5, na mbili hupitisha habari. Baadhi ya nyaya za bei nafuu zina zile mbili za umeme peke yake. Simu itachajiwa, lakini kompyuta haitaitambua. Waya ulio kamili, hata wa meta mbili, huwezesha simu kuwekwa dirishani inakonasa vyema mawimbi ya mnara, na kompyuta ikabaki mezani.

Uwezo wa kugawa intaneti kwa waya uliingizwa katika Android toleo la 2.2, mwaka 2010, nao huwashwa katika mipangilio ya simu. Utendaji wake wafanana na shule yenye sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi wote hufika kwa anwani hiyo moja, kisha karani huzigawa kwa wenyewe. Simu nayo huipa kompyuta anwani ya ndani, hupeleka maombi yake mtandaoni kwa anwani ya simu, na majibu yakirudi huyafikisha kwa kompyuta.

Hapo ndipo ilipo hatari. Kwa kawaida kompyuta huichukulia simu hiyo kuwa mtandao wa waya kama ule wa ofisini, usiolipiwa kwa kipimo. Kwa sababu hiyo huanza kupakua masahihisho ya programu zake, ambayo yaweza kufikia mamia ya megabaiti. Kifurushi kilichonunuliwa kwa masomo ya juma zima huweza kwisha katika kipindi kimoja. Kinga yake ni kuiarifu kompyuta, katika mipangilio yake ya mtandao, kwamba njia hiyo hulipiwa kwa kipimo, na kuchomoa waya kazi inapokwisha.

Waya una faida nyingine. Tundu la USB 2.0 hutoa hadi miliampia 500, yaani wati 2.5, na hivyo betri kongwe ya simu hupata nafuu. Lakini umeme ukikatika, nishati hiyo hutoka katika betri ya kompyuta ya mkononi, nayo huisha mapema zaidi.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili wenyewe. Wakusanye nyaya kadhaa, wazijaribu mmoja mmoja, na waandike ni zipi zinazochaji tu na zipi zinazopitisha habari. Kisha wasome salio la kifurushi kabla na baada ya dakika kumi, pasipo kufungua ukurasa wowote. Tofauti watakayoiona ndiyo gharama ya kazi ambayo kompyuta hujifanyia bila kuagizwa.