Kitendawili cha Koni

Jioni moja huko Koni, karibu na Likasi, tuliketi marafiki wanne tukila bukari kwa sombe. Mmoja akatega: «Mama ni maji, mtoto ni moto.» Tukajibu upesi: umeme! Maana maji ya mto Lufira huzungusha mashine za kituo cha Mwadingusha, kilichoanza kazi mwaka 1930, kisha yaleyale hushuka kuzungusha zile za kituo cha Koni, cha mwaka 1950. Kazi mara mbili, wala hayalalamiki, ingekuwa sisi! Mwenye nyumba, akipuliza makaa yake, akasema: «Mtoto huyo twamjua. Hupita juu ya paa langu akienda migodini, wala hapigi hodi.» Tukacheka sana. Mkewe hakucheka, alisogeza taa ya mafuta karibu na daftari la mwanawe.