Kisu cha Kukunja kwa Mfuko Mdogo

Visu vingi vya kukunja vinavyouzwa Misisi, mji wa wachimbaji wa dhahabu katika eneo la Fizi, mashariki mwa Congo, vimesafiri mbali kuliko watu watakaovinunua. Kisu huzaliwa Yangjiang, mji wa mkoa wa Guangdong nchini China uliojaa viwanda vya visu na mikasi, kikapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kikapanda treni au lori mpaka Kigoma, kisha kikavuka Ziwa Tanganyika kwa boti hadi Baraka. Kutoka hapo barabara ya taifa namba 5 hupanda Fizi na kupita Lulimba, na baada ya zaidi ya kilomita 100 katoni yake hushushwa Misisi kutoka kwenye pikipiki, imechanganywa na tochi, betri na chaja za simu. Kila mfanyabiashara aliyeishika njiani ameongeza faida yake. Sehemu kubwa ya bei anayotajiwa mchimbaji wa dhahabu ni gharama ya safari. Thamani ya chuma chenyewe ni ndogo.

Ndiyo sababu mnunuzi mwenye faranga chache ana haki ya kuwa mkali. Pesa yake ikiisha kwenye rangi ya mpini, kwenye kitochi kilichobandikwa kitako au kwenye picha ya simba iliyochorwa ubavuni, hakuna kitakachobaki kwa ajili ya ubapa, na ubapa ndio alioufuata sokoni.

Kazi zenyewe si za kutisha. Wamotari, yaani waendesha pikipiki, hukata mipira ya ndani ya tairi kuwa kauchu za kufungia mizigo. Wachimbaji hukata kamba, hutoboa viroba, hupunguza urefu wa mpira unaopeleka hewa shimoni. Mama anayeuza muhogo hufungua magunia na kumenya muwa wa mtoto. Kule Baraka, mvuvi hukata uzi wa wavu uliojisokota, kisha hupasua mgebuka kwa kisu hichohicho. Hakuna hata moja kati ya hizo inayodai ubapa mrefu kuliko upana wa kiganja. Sentimita 7 hadi 8 na nusu zinatosha, na kazi kubwa zaidi ina panga lake.

Uzito nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Suruali ya kazini imeshalowa maji na tope, na mfukoni kuna simu, tochi na noti. Kisu cha gramu 200, chenye vipande vinene vya bati kila upande, hupigapiga paja siku nzima. Wiki ya pili mwenyewe anakiacha nyumbani. Cha gramu 50 husahaulika mfukoni mpaka saa ya kuhitajiwa. Wepesi huo haupatikani kwa kuukondesha ubapa hadi uyumbe, bali kwa mpini: mti, plastiki imara au bati jembamba lililokunjwa vizuri.

Mfano ulio wazi umetoka milimani mwa Ufaransa. Mwaka 1890, huko Savoie, Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu cha wakulima chenye vipande vichache kabisa: ubapa, mpini wa mti, msumari wa kuviunganisha na pete ya chuma. Mwaka 1897 kikapangwa kwa nambari za ukubwa, na mwaka 1955 kikaongezewa pete inayozunguka ili kuubana ubapa ukiwa wazi. Nambari 8, inayopendwa kuliko zote, ina ubapa wa sentimita 8.5 na uzito usiofika gramu 50. Ulaya huuzwa kwa chini ya yuro 20. Wengi wa Misisi hawatakikuta dukani, lakini familia za Fizi zina ndugu waliopitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wakahamishiwa nchi za mbali, na zawadi ya namna hii si mzigo mzito kwa mtu anayekuja kusalimia. Jambo moja tu akumbushwe: kisu kiwekwe kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, wala si kwenye mkoba wa mkononi. Na aliye Uingereza asitembee nacho mtaani. Sheria ya huko ya mwaka 1988 inaruhusu kisu cha kukunja cha mfukoni chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na mahakama zimeamua kwamba kisu chenye kifungio hakimo katika ruhusa hiyo; anayekibeba lazima awe na sababu ya maana ya kuwa nacho.

Kisu cha pili kinachostahili kutajwa kina jina ambalo Misisi halihitaji kuelezwa. Okapi ni mnyama anayeishi porini Congo pekee, na ni redio iliyoanza kusikika nchini mwaka 2002. Okapi ni kisu pia. Mnyama huyo alitambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901; mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutengeneza kisu chenye jina lake, cha kuuzwa katika makoloni yao ya Afrika, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ilikuwa ndani ya koloni mojawapo. Tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini, katika mji wa Isithebe, KwaZulu-Natal. Kina mpini wa mti, ubapa wa chuma cha kaboni, na katika aina yake mashuhuri kuna pete ndogo mgongoni: ukikifungua, meno ya ndani hulia tratra yakishika hatua kwa hatua, na ili kukifunga ni lazima uivute pete. Ni kisu cha bei nafuu, kinanoleka kwa urahisi, na wakulima wa nchi nyingi wamekitumia kwa zaidi ya miaka mia.

Ila kina sifa nyingine. Afrika Kusini na hata Jamaica kimehusishwa mno na ugomvi wa mitaani, na ule mlio wake humshtua anayeusikia. Katika eneo lenye barieri (vizuizi vya barabarani) nyingi kama Fizi, ambako miaka ya vita imewafundisha watu kuogopana, sura ya kisu inaweza kumletea mwenyewe maswali mengi kuliko ukubwa wake. Kijana anayepita barieri kila siku anahitaji kisu kifupi, chenye sura ya chombo cha kazi, kisichofunguka kwa kubonyeza kitufe. Visu vinavyoruka vyenyewe, hata vikiwa rahisi, viachwe mezani kwa muuzaji. Springi ya kisu kama hicho ndiyo hufa mapema, na askari hatasubiri kuelezwa kwamba kilikuwa cha kumenyea maembe.

Basi mtu afanyeje akiwa amesimama mbele ya meza ya soko, na muuzaji anamwambia, "Papa, hii ni inox, ni orijino"?

Kwanza asome ubavu wa ubapa. Neno inox au stainless peke yake halimwambii mengi. Linadai tu kwamba chuma kina kromu ya kutosha kuchelewesha kutu, angalau kiasi cha asilimia 10.5. Hata kijiko ni inox. Kinachofanya chuma kishike makali ni kaboni iliyomo, pamoja na kupashwa moto na kupozwa kwa ufundi. Viwanda vya China huandika mara nyingi jina la chuma kwa namna inayojieleza. 3Cr13 ina kaboni ya kadiri ya asilimia 0.3 na kromu ya asilimia 13: haishiki kutu upesi, lakini makali yake hulala haraka. 8Cr13MoV ina kaboni karibu asilimia 0.8, na kwa kisu cha bei ya chini ni chuma cha kuheshimika kabisa. Kisu kisichoandikwa chochote si lazima kiwe kibaya, lakini bei yake haina budi kushuka.

Pili, atumie sumaku. Kila fundi wa redio ana spika mbovu yenye sumaku nyuma. Chuma cha kisu kinachoweza kugeuzwa kigumu kwa moto hunata kwenye sumaku, iwe ni kaboni au inox. Kile kinachotumika kwa vijiko na sufuria za inox mara nyingi hakinati, au hunata kwa shida, na hakiwezi kupata ugumu wa kisu hata fundi akipashe moto mara ngapi. Jaribio hili halithibitishi kwamba kisu ni kizuri. Linaviondoa vile vibaya kuliko vyote, na halina gharama.

Tatu ni bawaba. Mnunuzi akifungue kisu, ashike ncha na kuutikisa ubapa kushoto na kulia. Kuyumba kidogo kunaweza kukazwa ikiwa kuna skrubu. Kwenye ribiti iliyolegea itabidi apatikane fundi mwenye nyundo na mkono mwepesi. Kama kisu kina kifungio, akipime kwa kugonga mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikijifunga, akirudishe palepale. Kifungio kinachodanganya ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na kifungio, kwa sababu mtu hukiamini na kusukuma kwa nguvu. Kwa visu visivyo na kifungio, kama Douk-Douk ya Thiers, Ufaransa, iliyotolewa mwaka 1929 na ambayo mpini wake ni bati moja lililokunjwa, kanuni ni kukata kwa kuvuta na kutochoma kwa ncha.

Kuhusu kaboni au inox, kwa mtu wa Misisi kaboni ina hoja yenye nguvu. Hunoleka kwa jiwe laini lililolowa maji, bila vifaa vya kununua. Ni kweli hushika kutu, na embe au limau litaupaka ubapa madoa meusi. Madoa hayo hayadhuru. Mvuvi wa Baraka ana nafuu kuliko mwenzake wa Zanzibar, maana maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari. Lakini naye akaushe kisu chake kila jioni. Mpini wa mti ukilowa sana huvimba na kuubana ubapa usitoke, kwa hiyo anayeshinda majini atafute mpini wa plastiki.

Wahunzi wa vijijini wanaujua ubora wa kaboni bila kuusoma popote. Springi za magari yaliyochakaa, wanazogeuza kuwa mapanga na visu vya jikoni, zina kaboni ya kadiri ya asilimia 0.6, na kisu chao mara nyingi hukishinda cha katoni kwa kukata. Kukunja ndiko kunakokosekana. Mtu asiye na haja ya kukunja atafute kisu kifupi cha mhunzi, akishonee ala ya ngozi au kauchu. Pesa itakayobaki si haba.

Kuna adui mmoja wa visu vyote hivi: mashine ya kusagia chuma inayoendeshwa na jenereta. Humaliza kunoa kwa dakika moja, cheche zikiruka, na ukingo wa ubapa ukigeuka bluu. Bluu hiyo ina maana joto limefika karibu nyuzi 300, na chuma cha kaboni kilichofika hapo kimepoteza sehemu ya ugumu wake. Makali yanatoka yakimeta na siku ya tatu yamelala. Jiwe, maji na uvumilivu, ubapa ukiinuliwa nyuzi 20 hivi kutoka kwenye jiwe, kisha kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi, hufanya kazi bora na huacha chuma kingi zaidi. Bawaba inahitaji tone la mafuta ya cherehani. Mawese hayafai: huganda na kukusanya vumbi.

Kwa wanaoshika zebaki kwenye kukamata dhahabu, kisu kimoja hakitoshi. Zebaki hujificha kwenye bawaba na nyufa za mpini, na kuosha hakuiondoi yote. Kateri ya plastiki, ile yenye wembe unaovunjwa kipande kipande, ni nyepesi kuliko kisu chochote na ni rahisi kuliko vyote. Hiyo ibaki kazini na isiingie nyumbani. Kile cha mfukoni kiwe cha kamba, cha muwa na cha embe la watoto.