Mbwa wanaozurura Mbeya, Iringa wana wenyewe

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

USIKU unapoingia katika mitaa mingi ya Jiji la Mbeya na Manispaa ya Iringa, zamu ya mbwa huanza. Waliofungwa mchana kutwa hufunguliwa minyororo ili washike lindo, na wale ambao hawajawahi kufungwa huendelea na mizunguko yao kati ya majalala, masoko na mabucha.

Paka nao hawaulizwi. Hutoka kupitia dirishani wakati wautakao na kurejea wautakao, na mwenye nyumba huridhika mradi panya wapungue.

Kwa wakazi wengi wa Nyanda za Juu Kusini, hayo ndiyo maisha ya kawaida ya wanyama hao. Mbwa ni mlinzi na paka ni mwindaji wa panya, na kazi zote mbili zinahitaji mnyama awe nje. Mjadala unaoendelea katika nchi tajiri, wa iwapo mnyama wa kufugwa atoke nje au afungiwe ndani maisha yake yote, unaweza kuonekana ni anasa ya watu wasio na shida nyingine.

Hata hivyo, nchini Tanzania swali hilo ni la uhai wa watu, hasa watoto. Sababu yake ni kichaa cha mbwa.

Ugonjwa usio na tiba

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Virusi hivyo huingia mwilini mwa binadamu kwa njia ya jeraha la kung'atwa, mkwaruzo, au mate yanapogusa kidonda, kisha husafiri taratibu kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo.

Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya kung'atwa, ingawa muda huo unaweza kuwa chini ya wiki moja au kuzidi mwaka. Katika kipindi hicho chanjo inaweza kumwokoa aliyejeruhiwa. Dalili zikishaanza, zikiwamo kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu kila mgonjwa hufariki dunia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Asia na Afrika. Asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na takribani asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15.

Kwa upande wa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la WHO, ukitumia takwimu za watu waliojeruhiwa na mbwa, ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka. Idadi hiyo ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi, kwa kuwa wagonjwa wengi hufia nyumbani bila kuingia katika daftari la hospitali yoyote.

Si 'mbwa koko'

Imezoeleka kuamini kwamba mbwa anayeonekana akizurura mtaani ni mbwa koko, yaani hana mwenyewe. Tafiti zilizofanyika katika maeneo mbalimbali nchini zimeonyesha vinginevyo. Mbwa wengi wanaozurura wana nyumba wanayolala na mtu anayewalisha, walau kwa makombo. Kinachokosekana ni uzio wa nyumba, au mtu wa kulifunga geti.

Ukweli huo unabadilisha mambo mawili. Kwanza, kuna mtu wa kuwajibika. Mbwa aliyemng'ata mtoto asubuhi, wakati wa kwenda shule, mara nyingi anafahamika anatoka nyumba ipi.

Pili, mbwa huyo anafikika. Mwenyewe akihamasishwa, anaweza kumshika na kumpeleka kwa ofisa mifugo achanjwe. Kama mbwa wote wa mitaani wangekuwa wa porini, kazi hiyo isingewezekana.

Kwa nini kuwaua hakusaidii

Pale malalamiko yanapozidi, mwitikio wa haraka huwa ni kuwapiga risasi au kuwatilia sumu mbwa wanaozurura. Hatua hiyo huwaridhisha wananchi kwa muda, lakini uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kuwa peke yake haiondoi ugonjwa.

Katika kisiwa cha Flores nchini Indonesia, kichaa cha mbwa kilipoingia mwaka 1997, mamlaka ziliua mbwa kwa maelfu. Pamoja na hayo, ugonjwa uliendelea kusambaa na kuua watu kwa miaka mingi iliyofuata.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mwenye nyumba aliyepoteza mlinzi wake hutafuta mtoto wa mbwa mwingine, ambaye hajachanjwa. Wapo pia wanaowaficha au kuwahamisha mbwa wao, na hivyo kuubeba ugonjwa kwenda mtaa au kijiji kingine. Aidha, risasi haichagui. Humwua hata mbwa aliyechanjwa, ambaye alikuwa ngao ya mtaa mzima.

Hesabu ya asilimia 70

Njia iliyothibitika ni kuchanja mbwa kwa wingi. WHO inaelekeza kuwa walau asilimia 70 ya mbwa katika eneo wachanjwe ili kukata mnyororo wa maambukizi.

Utafiti uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, na kuchapishwa mwaka 2009, ulibaini kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa mwingine mmoja au zaidi kidogo, wasiofika wawili. Hiyo ina maana kuwa ugonjwa huo si wa kasi kubwa kama surua. Mbwa wa kutosha wakiwa na kinga, unakosa pa kwenda na kuzimika wenyewe.

Ushahidi wa hilo upo Pemba. Kisiwa hicho kilikuwa sehemu ya mradi wa majaribio ulioratibiwa na WHO kuanzia mwaka 2010, uliohusisha pia wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania Bara. Baada ya kampeni za chanjo, ugonjwa ulitoweka Pemba mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia upya, chanjo ikarejeshwa, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umetokomezwa tena.

Somo la Pemba lina pande mbili: ugonjwa unaweza kwisha, na pia unaweza kurudi pale kinga inapolegea. Mbwa wa mitaa yetu huishi miaka michache tu, na kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga. Ndiyo maana chanjo ya mara moja haitoshi. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka.

Jambo hilo ni gumu zaidi katika mikoa kama Mbeya na Iringa, ambayo haizungukwi na bahari kama Pemba. Mbwa huvuka mipaka ya kata na wilaya bila kizuizi, na wengine husafirishwa na wenyewe wanapohama. Mtaa mmoja ukichanja na wa jirani ukapuuza, wote wawili wamo hatarini.

Paka naye yumo

Paka huambukizwa kichaa kama mbwa, kwa kawaida baada ya kung'atwa na mbwa mgonjwa, naye anaweza kumwambukiza binadamu. Kwa hiyo ushauri wa chanjo unamhusu pia, ingawa wengi humsahau.

Kumfungia paka ndani moja kwa moja ni jambo lisilotekelezeka kirahisi katika mikoa inayolima mahindi kwa wingi, ambako magunia huwekwa stoo na panya ni adui wa kila siku. Lakini uhuru wa paka una gharama zake. Anaweza kula panya aliyekufa kwa sumu iliyotegwa na jirani, naye akafa. Anaweza pia kuambukizwa vimelea vya toksoplasma kwa kula panya na ndege wabichi, kisha akavitoa kupitia kinyesi katika bustani za mboga. Vimelea hivyo ni hatari hasa kwa mimba, hivyo wajawazito hushauriwa kuosha vizuri mboga na kunawa mikono baada ya kugusa udongo.

Katika nchi nyingine hoja kuu dhidi ya paka wa nje ni ndege. Watafiti wa Marekani walikadiria mwaka 2013 kuwa paka wa nchi hiyo huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kila mwaka. Jijini Canberra, Australia, paka waliozaliwa kuanzia Julai 1, 2022 hawaruhusiwi kuzurura nje ya maeneo ya wenyewe. Nchini Uingereza, kinyume chake, wengi huwaachia paka watoke, huku mbwa akiwa hadharani akitakiwa kuvaa mkanda shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe.

Hatari kwa Ruaha

Kwa Mkoa wa Iringa, suala la mbwa kuzurura halikomei mjini. Vijiji vya tarafa za Idodi na Pawaga vipo jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, moja ya ngome muhimu zilizobaki za mbwa mwitu barani Afrika. Mnyama huyo yumo katika hatari ya kutoweka, na hufa kwa kichaa na kwa distempa, ugonjwa mwingine wa virusi vya mbwa.

Tanzania imekwisha kuonja madhara ya aina hiyo. Mwaka 1994, mlipuko wa distempa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti uliua takribani theluthi moja ya simba, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na chanzo chake. Hivyo mbwa wa kijijini anayemfuata mchungaji hadi mpakani mwa hifadhi, bila chanjo, anaweza kuathiri pia utalii ambao mkoa unautegemea.

Kufunga nako kuna mipaka

Je, basi mbwa afungwe mnyororo saa 24? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama na inamtaka anayemfuga mnyama amtunze inavyostahili. Mbwa anayeshinda na kukesha kwenye mnyororo mfupi, bila maji wala kivuli, anateseka. Na mbwa anayeteseka hujenga ukali unaomgeukia hata mtoto wa nyumbani.

Utaratibu unaofaa ni wa kati: banda lenye nafasi mchana, na kufunguliwa usiku ndani ya uzio uliofungwa. Kwa nyumba zisizo na uzio, ambazo ni nyingi, mnyororo unaweza kuunganishwa na waya mrefu uliotandazwa uani, mbwa akapata nafasi ya kutembea na kulinda bila kufika barabarani. Kuhasi nako hupunguza idadi ya watoto wa mbwa na paka wanaoishia kutupwa majalalani.

Wakazi wa ukanda huu hawafundishwi jambo geni. Wafugaji wa Mbozi, wilaya ambayo tangu mwaka 2016 ni sehemu ya Mkoa wa Songwe, wamekuwa wakihimizwa kuwafungia nguruwe mabandani ili kuzuia minyoo ya tegu. Kanuni ni ileile: mnyama anayezurura hubeba maradhi ya mtaa mmoja na kuyapeleka kwa mwingine.

Anapong'atwa mtu

Hatua za kwanza ndizo zinazookoa maisha. Jeraha linapaswa kuoshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Majani, pilipili au mafuta havina msaada wowote.

Chanjo hutolewa kwa awamu, kuanzia siku ya kwanza, na ni lazima dozi zote zikamilishwe. Wapo wanaoacha baada ya sindano moja kwa sababu ya gharama au umbali, na kuacha huko kunaweza kugharimu uhai. Dozi moja ya kumchanja mbwa ni nafuu mno ikilinganishwa na gharama za kumtibu binadamu mmoja aliyeng'atwa.

Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kushikwa kwa usalama, asiuawe na kutupwa. Afungiwe na kuangaliwa na mtaalamu wa mifugo kwa siku 10. Akiwa bado mzima baada ya muda huo, ni dalili kwamba hakuwa akitoa virusi alipong'ata. Majeruhi asisubiri siku hizo ziishe ndipo aanze chanjo. Akifa mnyama huyo, taarifa itolewe ili sampuli ipelekwe maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo cha kanda mjini Iringa.

Kila Septemba 28 huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na baadhi ya halmashauri hutumia kipindi hicho kutoa chanjo. WHO na washirika wake wamelenga kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030.

Lengo hilo halitafikiwa na wataalamu peke yao. Mbwa na paka wataendelea kutoka nje, kwa kuwa ndiko iliko kazi yao. Mwenye mnyama anapaswa kuhakikisha kwamba amechanjwa kabla ya kutoka, na kwamba geti limefungwa watoto wanapopita kwenda shule.