Je, Wajua? Pumu Hudhibitiwa Mtaani

Mgonjwa wa pumu humwona daktari mara chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote yuko nyumbani, shuleni au kazini, na huko ndiko msaada unakohitajika zaidi.

Je, wajua kwamba chupa tupu ya soda inaweza kumfikishia mtoto dawa kifuani? Watoto wengi hushindwa kuvuta pumzi sambamba na mpulizo wa inhela, hivyo dawa huishia mdomoni na kooni. Chemba ya kupulizia hutatua tatizo hilo, lakini ya dukani ni ghali. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 yaweza kushika nafasi yake. Kitako cha chupa hutobolewa kwa waya wa moto tundu linaloenea mdomo wa inhela, kisha kingo huzibwa kwa gundi. Mtoto huweka midomo kwenye shingo ya chupa, hupuliziwa dawa mara moja, hupumua taratibu kama mara 5, ndipo apuliziwe tena. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, umeme tuli utanasisha dawa kwenye kuta zake.

Je, wajua kwamba inhela ilitokana na swali la mtoto? Binti wa miaka 13 mwenye pumu, huko Marekani, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Baba huyo, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Inhela za kwanza za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 1956.

Je, wajua kwamba nchi nzima iliwahi kujipanga dhidi ya pumu? Ufini iliendesha mpango wa miaka 10 kuanzia 1994. Vituo vya afya vilikuwa na madaktari na wauguzi waliopewa jukumu la pumu, na wafamasia wapatao 700 wakaingizwa kwenye mtandao huo. Siku ambazo wagonjwa wa pumu walilazwa hospitalini zilishuka kutoka 110,000 mwaka 1993 hadi 51,000 mwaka 2003.

Je, wajua kwamba huko Boston muuguzi anaweza kubisha hodi akakagua godoro? Tangu 2005, hospitali ya watoto ya jiji hilo imekuwa ikituma wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii kwenye nyumba za watoto wenye pumu. Hutazama ukungu ukutani, mende jikoni na vumbi la kitandani, hugawa vifuniko vya godoro, na hufundisha matumizi ya dawa.

Je, wajua kwamba kliniki yaweza kuwa na magurudumu? Los Angeles ilianza mwaka 1995 kupeleka gari la matibabu ya pumu hadi kwenye viwanja vya shule.

Je, wajua kwamba wanafunzi wengi Afrika wana dalili za pumu bila kujua? Watafiti walipima zaidi ya wanafunzi 27,000 katika nchi 6, Uganda ikiwemo. Asilimia 12 walikuwa na dalili, lakini kati ya hao ni kama mmoja tu kwa kila watano aliyekwisha kuambiwa na mtaalamu kwamba ana pumu.

Je, wajua kwamba shule za Uingereza zaweza kuwa na inhela ya akiba? Tangu Oktoba 2014 sheria inaziruhusu kuinunua bila cheti cha daktari, kwa ajili ya mwanafunzi mwenye pumu aliyesahau yake au ambaye yake imekwisha.

Je, wajua kwamba vichujio viliuokoa mji? Kati ya 1981 na 1987 Barcelona ilikumbwa mara kwa mara na siku ambazo watu walimiminika hospitalini vifua vimewabana. Chanzo kilikuwa vumbi la soya lililopeperuka bandarini meli zilipopakuliwa. Ghala la soya lilipowekewa vichujio, balaa likakoma.

Je, wajua kwamba inhela ya bluu pekee haitoshi? Hufungua njia za hewa kwa muda, lakini haitibu uvimbe ulio ndani ya njia hizo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa hiyo peke yake. Mwulize mhudumu wako wa afya kuhusu dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe.

Je, wajua hesabu ya nne nne? Waaustralia hufundishwa hivi pumu inapombana mtu: mgonjwa akae wima, asilazwe. Apuliziwe inhela ya bluu mara 4, moja baada ya nyingine, na kwa kila mpulizo apumue mara 4 kupitia chemba. Subiri dakika 4. Asipopata nafuu rudia, huku usafiri wa hospitali ukitafutwa. Akishindwa kuongea au midomo ikigeuka rangi, usafiri utafutwe tangu mwanzo.